Paul Galvin, mutu aliyetia radio ndani ya motokari



Kazini kwetu, shefu wa ekipe akitaka kusema na mwenzake wa ngambo ingine, anashika motorola. Jina hilo tumelizoea sana. Lakini lilianza kwa poste ya radio ya motokari, na mwenye kulitafuta alikuwa Paul Galvin, mutu wa Marekani. Leo tunaeleza maisha yake. Ba-elektrisie na ba-mekanisie wetu watakutamo kitu, na siye wa sendika tuko na neno letu juu ya namna alivyokaa na wafanyakazi wake.

Alizaliwa mwaka 1895 katika muji mudogo unaoitwa Harvard, jimbo la Illinois. Muji huo ulikuwa wa njia ya treni, na Galvin akiwa mutoto aliuzisha bisi za mahindi kwa wasafiri wakati treni inasimama. Alisoma kidogo kwa université, akaacha, kisha akaenda kupigana Ufaransa katika Vita Kuu ya Kwanza, upande wa mizinga.

Aliporudi akaingia biashara ya bateri pamoja na rafiki yake Edward Stewart. Mwaka 1921 wakafungua fabriki kule Marshfield, jimbo la Wisconsin. Mwaka 1923 ikafungwa. Wakaanza tena Chicago mwaka 1926, na mwaka 1928 hiyo nayo ikaanguka. Mara mbili! Wengine wangerudi kijijini. Lakini katika ile kompani ya pili kulikuwa kitu kimoja Galvin alikiamini: chombo cha kuondoa bateri kwa radio ya nyumba, ili radio itumie kura ya muji. Vyombo vyao vilipopigwa munada, akanunua kipande hicho kwa dola 750. Tarehe 25 mwezi wa tisa 1928, yeye na mudogo wake Joseph wakafungua kompani mupya Chicago, na wafanyakazi watano na dola 565 mukononi.

Chombo hicho hakikudumu sana kwa soko, sababu ba-fabriki walianza kutengeneza radio zinazotumia kura moja kwa moja. Mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, watu mamilioni wakapoteza kazi. Galvin akaona hivi: motokari ziko nyingi, na ndani yake hamuna radio. Wachache walikuwa wanawekesha, lakini kwa bei kali sana.

Hapa tusimame kidogo, sababu njo penye kazi yenyewe. Radio za wakati ule zilitumia malampi ya kioo. Malampi yalitaka kura kidogo ya kupasha moto, na kura ya volti nyingi ya kufanya sauti itembee. Bateri ya motokari ilikuwa ya volti 6 tu. Basi iliwapasa kuficha bateri zingine kavu chini ya sakafu ya gari. Antena waliitia ndani ya kitambaa cha paa. Na mbaya kuliko yote ilikuwa makelele: kila mara buji inapiga cheche, radio inalia kra-kra-kra. Waliyazima kwa kutia kizuizi kwa nsinga za buji na kondansatere kwa dinamo. Miaka michache nyuma wakapata kitu kinachotikisa ile kura ya bateri mpaka inaweza kupandishwa volti, na bateri za sakafuni zikatoka.

Galvin hakufanya hayo peke yake, na tunapenda hilo lijulikane. William Lear, yule aliyekuja kutengeneza ndege ndogo, alisaidia upande wa radio yenyewe. Elmer Wavering, kijana, alikuwa analala chini ya magari na kupitisha nsinga. Inasimuliwa kwamba Galvin alitaka mukopo kwa banki, akaagiza waweke radio ndani ya Packard ya mukubwa wa banki ili aone uzuri wake. Nusu saa nyuma, Packard ikawaka moto. Mukopo haukutoka.

Ile habari tunaichekea, lakini moto wa namna ile hata leo unaweza kutokea. Wengi kwetu wanapenda kutoa poste ya fabriki kwa motokari mupya iliyovunjika na kuitia ndani ya gari la zamani. Ndugu, kabla ya kukata nsinga yoyote angalia kwanza gari lako ni la volti 6 ama 12. Angalia tena ni upande gani wa bateri uliofungwa kwa chuma cha gari: Land Rover za miaka ya 1950, kwa mufano, zilifunga upande wa kuongeza, na poste ya sasa inataka upande wa kupunguza. Ukiichomeka hivyo hivyo, umeiua. Tena, gari la zamani lilipitisha nsinga moja tu kwa sipika, ingine ikarudi kwa chuma cha gari. Poste ya sasa inataka nsinga mbili kwa kila sipika, na hata moja isiguse chuma. Kura ya kulinda kumbukumbu inatoka kwa bateri wakati wote, ingine inapita kwa ufunguo, na kila moja iwe na fizibo yake karibu na pale inapotoka. Ba-poste wengine wa fabriki wanangoja habari toka kwa kompyuta ya gari walimotoka. Hao, hata ufunge vizuri namna gani, hawawaki. Afazali uulize mbele ya kulipa franga yako.

Turudi kwa Galvin. Mwezi wa sita 1930 ba-fabriki wa radio walikutana Atlantic City. Yeye hakuwa na franga ya kulipa meza ndani ya maonyesho. Akasimamisha motokari yake, Studebaker, inje karibu na mulango, akafungulia radio kwa nguvu, akavuta watu. Akarudi na komande za kutosha kuishi. Jina Motorola alilifanya kwa kuunga motokari na mwisho wa majina ya mashini za muziki za wakati ule. Mwaka 1936 kompani ikatoa radio ya magari ya polisi. Mwaka huo alitembea Ulaya na jamaa yake, akaona vita inakuja. Mwaka 1940 fabriki ikatoa radio ya askari ya kushika mukono mumoja. Njo babu wa ile tunayoshika leo.

Vita ilitaka shaba mingi, na shaba ya Katanga ilienda kwa wale waliopigana na Hitler. Mwezi wa kumi na mbili 1941, wafanyakazi wetu wa shaba walipogoma Lubumbashi kwa kutaka mushahara, askari waliwapiga risasi, wengi wakafa. Hatusemi Galvin alihusika. Tunasema tu kwamba kila nsinga ilitoka kwa jasho la mutu.

Kwa watu wake mwenyewe, Galvin alikuwa mukali wa kelele, lakini walimufikia. Alijua majina yao. Mwaka 1947 aliweka mupango wa kugawa faida: kila mwaka sehemu ya faida inawekwa kwa akiba ya wafanyakazi. Hapo tunamupa heshima. Kompani ngapi tunazijua zinazofanya hivyo? Lakini sendika hakuipenda. Alitaka mambo yaishe kati ya mukubwa na mufanyakazi. Siye tunaona hapo alikosa. Zawadi ya mukubwa muzuri inakaa kama mukubwa muzuri anakaa; akija mwingine, utamuonyesha karatasi gani? Kule Flint, mwanzo wa 1937, wafanyakazi wa General Motors walikaa ndani ya fabriki wiki sita mpaka sendika yao ikakubaliwa, na walipata mukataba ulioandikwa. Na bado, Wavering yule wa kulala chini ya magari alikuja kuwa prezida wa kompani. Hiyo nayo tusiifiche.

Nyumbani alipata uchungu mukubwa: mwaka 1942 bibi yake na mufanyakazi wao wa nyumba waliuawa. Aliendelea na kazi. Tarehe 5 mwezi wa kumi na moja 1959 alikufa kwa ugonjwa wa damu, akiwa na miaka 64, na mwana wake Robert akashika kompani. Huku kwetu ilikuwa imebaki karibu miezi nane tupate uhuru.