Hattie McDaniel: Mwigizaji aliyekosa kiti siku ya filamu yake

Leo niwatoe kidogo kwenye habari za siasa na bei za tikiti za ndege, niwasimulie maisha ya mwanamke wa Marekani aliyefariki zaidi ya miaka 70 iliyopita. Jina lake Hattie McDaniel. Wengi wenu sura yake mnaijua hata kama jina hamlijui. Ni yule mama mnene, kilemba kichwani, anayemkaza Scarlett kamba za kiunoni huku akimgombeza, katika ile filamu ndefu ya Gone with the Wind.

Aliyenichokoza ni mjukuu wangu. Majira ya baridi yaliyopita nilikuwa kwa binti yangu huko Maskati, na usiku mmoja filamu ile ikawa kwenye televisheni. Watoto wa siku hizi hawatazami kitu bila simu mkononi. Mara akaniletea picha za siku ilipoonyeshwa kwa mara ya kwanza, akaniuliza mbona yule mama wa kilemba hayumo hata katika picha moja. Nilifundisha shule kwa zaidi ya miaka 30, na maswali ya namna hii ndiyo yanayonipa shida kuliko ya mtihani.

Filamu ilifunguliwa mjini Atlanta, katika jimbo la Georgia, Ijumaa tarehe 15 Desemba 1939. Gavana alitangaza siku ile kuwa ya mapumziko, na meya akaandaa sherehe za siku tatu. Jumba la sinema la Loew's Grand lilipambwa nguzo kubwa kubwa mbele, lifanane na kasri la tajiri wa mashamba ya pamba. Clark Gable na Vivien Leigh walipita barabarani kwenye magari ya wazi, na watu waliojipanga kuwatazama walikuwa malaki.

Hattie hakuwepo. Sheria za Georgia wakati ule ziliwatenga Weusi na Wazungu, na jumba lile lilikuwa la Wazungu. Hakuna mwigizaji hata mmoja Mweusi wa filamu hiyo aliyeingia ukumbini usiku ule. Mtayarishaji wake, David O. Selznick, alitaka kumpeleka, akashauriwa na watu wake aache. Hata picha ya Hattie iliyokuwa nyuma ya kijitabu cha filamu iliondolewa katika nakala za kusini. Husimuliwa kwamba Gable, aliyekuwa rafiki yake, alihamaki akasema naye haendi, na Hattie mwenyewe ndiye aliyembembeleza aende.

Kuna jambo jingine la sherehe zile ambalo kila nikilikumbuka hunisisimua. Usiku wa kuamkia siku ya filamu kulikuwa na dansa kubwa ya Wazungu, na kwaya ya kanisa la Weusi la Ebenezer ikaletwa kuwaimbia wageni. Waimbaji walivishwa nguo za watumwa wa mashambani. Mmoja wao alikuwa mtoto wa miaka 10, mwana wa mchungaji wa kanisa hilo. Ni Martin Luther King, yule yule. Kumbe Weusi kuingia kutumbuiza ilikuwa ruhusa, ila kuingia na kuketi ndiyo haikuwezekana.

Sasa turudi nyuma. Hattie alizaliwa mwaka 1893 huko Wichita, Kansas, kitinda mimba katika uzao wa watoto 13. Baba na mama yake wote wawili walizaliwa utumwani. Baba, Henry, alipigana upande wa Kaskazini katika ile vita iliyomaliza utumwa, akarudi na majeraha, na miaka mingi akahangaika na serikali kupata pensheni yake. Familia ikahamia Denver. Huko, mwaka 1910, Hattie alishinda medali ya dhahabu kwa kughani shairi mbele ya watu, akaamua shule basi, yeye ni wa jukwaani.

Alizunguka na vikundi vya maonyesho, akaimba redioni wakati redio yenyewe bado ni kitu kigeni. Kisha mwaka 1929 uchumi wa Marekani ukaanguka, na kazi za jukwaani zikaanguka nao. Akajikuta Milwaukee, kwenye klabu moja ya usiku, kazi yake kukaa chooni kwa wanawake na kuwapa taulo. Usiku mmoja mwenye klabu akamwachia aimbe. Aliimba, na chooni hakurudi tena.

Mwaka 1931 akafika Los Angeles. Nafasi alizopewa katika sinema zilikuwa moja tu kwa majina mbalimbali: mpishi, yaya, dobi, mtumishi. Filamu za kuigiza zikikosekana, alifanya kazi hizo hizo majumbani mwa watu kweli. Lakini alikuwa na kipaji, na mwaka 1936 aliigiza na Paul Robeson katika Show Boat.

Nafasi ya Mammy katika Gone with the Wind iligombewa. Hata mke wa Rais Roosevelt aliandika barua kumpendekeza mtumishi wake wa Ikulu. Hattie yeye inasemekana alikwenda kwenye majaribio amevaa sare kamili ya mtumishi wa ndani. Ikawa yake.

Hapa niseme langu. Mimi filamu hii niliiona mara ya kwanza nikiwa msichana katika sekondari ya wamisheni. Shuka nyeupe ilitundikwa ukumbini, sista mmoja akabadilisha mikanda, na katikati umeme ukakatika. Tulimcheka Mammy mpaka tukashika mbavu. Macho yake, sauti yake, mwendo wake! Sikujiuliza kwa nini mtu mwenye akili kuliko wote mle ndani ndiye anayebeba sahani.

Na nisingejiuliza, maana nyumbani kwetu alikuwepo wa kwetu. Tulimwita Shangazi, ingawa hakuwa dada wa baba. Bibi yake aliwahi kuwa mtumwa wa babu zetu, jambo ambalo nyumbani lilisemwa kwa kunong'ona, na wageni wakija halisemwi kabisa. Shangazi ndiye aliyetulea. Harusi yangu mimi, biriani ya watu 400 aliisimamia yeye, kuanzia alfajiri, kanga imelowa jasho. Usiku bibi harusi nikatolewa, wanawake wakapiga vigelegele, naye alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, anatazama kwa mbali. Hakuna aliyemkataza kuja kuketi. Lakini pia hakuna aliyemwita, na mimi niliyekuwa juu ya kiti kile sikumwita. Albamu ninayo mpaka leo. Nimeipekua mara nyingi.

Haya, tuendelee na Hattie. Hollywood ilipofungua filamu yake yenyewe, tarehe 28 Desemba 1939, Selznick alihakikisha Hattie anaalikwa, na safari hii picha yake imo kwenye kijitabu. Alikwenda. Miezi miwili baadaye, tarehe 29 Februari 1940, ndipo zikatolewa tuzo za Oscar katika hoteli ya Ambassador, Los Angeles. Hoteli ile ilikuwa haipokei Weusi, na ilibidi Selznick aombe ruhusa maalumu. Wenzake wa filamu moja walikaa meza yao kubwa. Hattie alipangiwa meza ndogo ya pembeni, ukutani, pamoja na msindikizaji wake na wakala wake.

Alivaa gauni la samawati, kichwani kachomeka maua meupe ya gardenia. Nikiitazama picha ile naona kama bibi wa pwani na asumini zake. Likatajwa jina lake kwa tuzo ya mwigizaji msaidizi wa kike, akimshinda hata Olivia de Havilland aliyecheza naye filamu hiyo hiyo. Mtu Mweusi wa kwanza kuipata Oscar. Alisema maneno machache, kwamba anaomba awe fahari kwa watu wake na kwa tasnia ya sinema, kisha sauti ikamkwama kwa kilio. Aliondoka jukwaani akarudi kwenye meza yake ya ukutani.

Tuzo yenyewe haikuwa ile sanamu ya dhahabu tunayoijua. Waigizaji wasaidizi wakati ule walipewa kibao kidogo tu. Na mwanamke Mweusi wa pili kuipata Oscar ya uigizaji, Whoopi Goldberg, alisubiriwa mpaka 1991.

Mtu angedhani baada ya hapo milango itafunguka. Wapi! Aliletewa vilemba na aproni zaidi. Na sasa lawama zikaja kutoka upande wa watu wake. Walter White, kiongozi wa chama cha kutetea haki za Weusi cha NAACP, aliwalaumu hadharani waigizaji waliokubali nafasi za utumishi, kwamba wanawadhalilisha Weusi wote. Jibu la Hattie linajulikana sana: aliona bora kuigiza utumishi kwa dola 700 kwa wiki kuliko kuwa mtumishi kweli kwa dola 7. Watu hulichukulia kama mzaha. Mimi naliona la mtu aliyezifanya kazi zote mbili, na anajua hesabu yake.

White naye simlaumu sana. Filamu ile imeupamba utumwa kama udugu, na Mammy ni sehemu ya pambo hilo, mtumwa asiyetaka kuondoka. Nafundisha historia, siwezi kusema vinginevyo. Ila naona wangemgombeza aliyeandika, si aliyepewa aproni avae.

Ushindi wake mkubwa zaidi, kwa maoni yangu, haukuwa kwenye sinema. Alikuwa amenunua nyumba kubwa nyeupe katika mtaa wa West Adams Heights, Los Angeles, ulioitwa Sugar Hill. Hati za viwanja vya mtaa ule zilikataza kumuuzia au kumpangishia Mweusi. Weusi wenye uwezo walikuwa wameshaanza kuhamia, na baadhi ya majirani Wazungu wakaenda mahakamani watolewe. Hattie alikuwa mbele kuwakusanya wenzake, wakikutana nyumbani kwake kupanga kesi. Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke alikwenda mwenyewe kuutazama mtaa, kisha akaitupa kesi, akisema umefika wakati Weusi wapewe haki zote wanazohakikishiwa na katiba. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani nayo ikaamua kwamba masharti ya namna hiyo hayawezi kutekelezwa na mahakama yoyote.

Mwaka 1947 alipata kipindi chake cha redio, Beulah, akiwa mwanamke Mweusi wa kwanza kuwa nyota wa kipindi kama hicho nchini kwao. Beulah naye alikuwa mtumishi, naam, lakini Hattie alisharti asizungumze kile Kiingereza cha kuvunjwavunjwa walichokuwa wakiandikiwa Weusi. Kipindi kilipohamia televisheni alirekodi mara chache tu, maradhi yakamwangusha. Saratani ya matiti ilimuua tarehe 26 Oktoba 1952, katika hospitali ya watu wa sinema huko Woodland Hills. Aliolewa mara nne, mtoto hakujaaliwa.

Aliusia azikwe makaburi ya Hollywood, walikolala nyota wenziwe. Mwenye makaburi akakataa, Mweusi hazikwi pale. Akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 makaburi ya Hollywood, yakiwa na mwenyewe mwingine, yaliomba kumhamisha. Jamaa zake hawakutaka mifupa yake isumbuliwe, basi likawekwa jiwe la kumbukumbu tu.

Na kile kibao cha Oscar? Alikiusia Chuo Kikuu cha Howard, Washington. Kilifika, kikawekwa kwenye kabati la vioo, kisha miaka ile ya vurugu za wanafunzi au baada yake kikapotea. Hakijaonekana mpaka leo. Tarehe 1 Oktoba 2023 wenye Oscar walipeleka kingine badala yake, kukawa na sherehe ukumbini, na jamaa zake walikuwepo.

Nilimweleza mjukuu yote haya kwa urefu kuliko alivyotaka. Akanisikiliza, kisha akaniomba nimwonyeshe picha ya Shangazi.