Willie Mosconi: Bingwa aliyefundwa na mpinzani wake

Baba yake Willie Mosconi hakutaka kabisa mtoto acheze pool. Mzee mwenyewe alikuwa na ukumbi wa mchezo huo jijini Philadelphia, Marekani, lakini kijana wake, aliyezaliwa Juni 1913, alikuwa amemwandalia njia nyingine: awe mcheza dansi wa jukwaani kama binamu zake. Akawa anafungia fimbo na mipira. Dogo naye hakukubali. Wakubwa wakilala anachukua viazi jikoni na mpini wa ufagio, anaingia mezani.

Mzee alipoona kipaji ni cha kweli aligeuza msimamo. Kijana akaanza kuchezeshwa mechi za maonyesho, na akiwa na miaka sita tu akakutanishwa na Ralph Greenleaf, bingwa wa dunia. Ni sawa na kumweka mtoto wa darasa la kwanza langoni adake penalti za straika wa timu ya taifa. Greenleaf alishinda, nani angetegemea vingine, lakini dogo alicheza vizuri kiasi kwamba jina lake likaanza kujulikana.

Baadaye Mosconi aliuchoka mchezo akaachana nao. Kilichomrudisha ni njaa. Uchumi wa Marekani ulipoanguka, nyumbani walihitaji hela, naye alichojua zaidi ni kushika fimbo. Mwaka 1933, akiwa na miaka 20, kampuni ya Brunswick iliyokuwa ikitengeneza meza ikamtuma kuzunguka nchi nzima akicheza na mtu yuleyule, Greenleaf. Mji baada ya mji, mechi 107.

Hapa inabidi kuujua mchezo wenyewe. Pool ya mabingwa wa enzi zile haikuwa hii ya kugawana mipira. Mchezaji anataja mpira na shimo, akiingiza anapata pointi moja na anaendelea mpaka akosee. Ukibaki mpira mmoja, ile mingine 14 inapangwa upya, shughuli inaendelea. Muda wote huo mpinzani yuko kwenye kiti. Hakuna kukaba wala kumvuta mtu jezi. Ukikutana na mtu aliyewaka unaweza kukaa nusu saa unamtazama tu.

Mosconi alikaa sana kwenye kile kiti. Ndipo alipojifunza jinsi bingwa anavyouongoza mpira mweupe usitembee bure, yaani kila pigo linaandaa pigo linalofuata. Greenleaf hakuwa kocha na hakulipwa kumfundisha mtu. Angeweza kumficha yule kijana mbinu zake, maana kila alichokionyesha leo kingeweza kumrudia kesho. Hakuficha. Ziara ilipomalizika Greenleaf alikuwa ameshinda mechi 57, Mosconi 50. Kwa chipukizi mbele ya gwiji kama yule, 50 si haba hata kidogo.

Mwalimu huyo alikuwa na udhaifu wake. Greenleaf alivaa suti za nguvu na alipendwa na mashabiki, lakini pombe ilimwandama miaka mingi. Alifariki Philadelphia mwaka 1950, akiwa na miaka 50 tu. Wakati huo mwanafunzi wake ndiye aliyetawala: kati ya 1941 na 1957 Mosconi alitwaa ubingwa wa dunia mara 15.

Machi 1954, kwenye mechi ya maonyesho mjini Springfield, Ohio, Mosconi aliingiza mipira 526 mfululizo bila kukosa. Ilichukua zaidi ya saa mbili, muda mrefu kuliko mechi ya soka yenye dakika 30 za nyongeza. Mchezo ulikuwa wa pointi 200, hivyo ulishaisha zamani, lakini hakuna aliyemsimamisha. Mpinzani wake, Earl Bruney, alikaa kitini akishuhudia.

Mosconi hakuwa malaika. Alikuwa na hasira za karibu na alichukia kufungwa. Ila kulikuwa na jambo moja ambalo hakulegeza: aliwachukia wacheza kamari wanaojifanya hawajui ili wale hela za watu. Kwake pool ilikuwa mchezo wa watu waliovaa nadhifu, na mwaka 1948 alitoa kitabu cha mafunzo ili yeyote ajifunze. Kituko ni kwamba filamu ya The Hustler ya mwaka 1961 inahusu wacheza kamari haohao. Mosconi ndiye aliyemfundisha Paul Newman kushika fimbo, na mle ndani anaonekana akiwa ameshikilia hela za dau!

Filamu hiyo ilimletea bughudha. Rudolf Wanderone, mzee wa maneno mengi na kamari, alijiita Minnesota Fats, akidai yule mhusika ni yeye. Mosconi hakumvumilia hata kidogo. Februari 1978 wakawekwa meza moja mbele ya kamera za televisheni New York, na Mosconi, mwenye miaka 64, akamfunga.

Mosconi alifariki New Jersey Septemba 1993, akiwa na miaka 80. Rekodi yake ya 526 ilidumu hadi 2019, Mmarekani John Schmidt alipofikisha 626. Schmidt alikuwa akipiga peke yake, hakukuwa na mpinzani kwenye kiti.