Malenga Aliyenyeshewa

Katika chama chetu tumezoea kuwasifu malenga wa pwani yetu. Mimi leo nawapeleka mbali, Uchina, kwa malenga ambaye mvua na upepo vilimfunza utu. Jina lake ni Du Fu.

Du Fu alizaliwa mwaka wa 712. Alisoma kweli kweli, lakini mitihani ya serikali ilimwangusha, tena si mara moja. Mwaka wa 755 jemadari An Lushan aliasi, vita vikazuka. Mwaka huo huo Du Fu alifika nyumbani akakuta mwanawe mchanga amekufa kwa njaa. Baadaye akawa mtu wa kuhamahama na jamaa yake, hadi mwaka wa 760 marafiki walipomsaidia kujenga kibanda cha nyasi huko Chengdu.

Akiwa hapo alitunga shairi la mvua ya majira ya kuchipua. Humo mvua ni kama mgeni mwenye adabu. Yajua wakati wake, yaja usiku pamoja na upepo, yalowesha kila kitu bila kelele. Kukicha, mji umejaa maua yaliyoinama kwa maji.

Lakini mwaka wa 761, majira ya majani kupukutika, upepo ulimgeuka. Uliezua paa lake, nyasi zikaruka ng'ambo ya mto, nyingine zikanasa juu ya miti. Watoto wa kijiji wakazibeba wakatoroka nazo, huku mzee anawapigia kelele mpaka koo limemkauka. Giza lilipoingia mvua ikaanza. Blanketi lenyewe kuukuu, baridi kama chuma, tena mtoto alikuwa amelirarua kwa mateke ya usingizini. Kitandani hapakuwa na pakavu.

Sasa oneni ajabu! Ungedhani ataomba paa lake lirudi. Wapi! Yeye alitamani nyumba moja kubwa mno, ya vyumba maelfu, iwasitiri wasomi maskini wote duniani, hata kama kibanda chake kingebaki kimebomoka na yeye afe kwa baridi.

Hilo lilinigusa sana. Sisi wa shule ya kutwa twajua: mvua ikinyesha usiku, asubuhi utamjua ambaye kwao panavuja kwa kutazama tu vitabu vyake. Mvua ni moja, lakini mapaa si mamoja. Wahenga walisema mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na aliyelala pakavu naye huona mvua ni nzuri tu. Du Fu aliimba uzuri wake na mateso yake pia.

Alifariki mwaka wa 770 akiwa safarini mtoni, maskini vile vile. Mashairi yake zaidi ya 1,400 yapo hadi leo, na huko Chengdu watu huzuru mahali pa kibanda chake.

Basi wanachama wenzangu, tukitunga mashairi ya mvua tusikomee kwenye mawingu na upinde wa mvua. Tumtaje na yule anayelowa.