Naftali Temu: Mwana wa Nyamira aliyeipa Kenya dhahabu ya kwanza ya Olimpiki

JINA la Kipchoge Keino ndilo hutajwa kwanza mbio za Kenya zinapozungumziwa. Hata hivyo, nishani ya kwanza ya dhahabu ya Olimpiki ililetwa nchini na marehemu Naftali Temu.

Temu alizaliwa Aprili 20, 1945 katika eneo la Nyamira, ambalo baadaye lilitengwa na Kisii. Mgusii mwenzake, Nyandika Maiyoro, alikuwa amekwisha kuwa wa saba katika mita 5,000 mjini Melbourne mwaka wa 1956. Temu, aliyekuwa mwanajeshi, alianza vibaya: Tokyo 1964 hakumaliza mita 10,000.

Miaka miwili baadaye, mjini Kingston, Jamaika, alimwacha Ron Clarke wa Australia, bingwa wa rekodi za dunia, kwa zaidi ya sekunde 20 katika mbio za maili sita. Alitumia dakika 27 na sekunde 14.6, yaani wastani wa mita 5.9 kwa sekunde.

Oktoba 13, 1968, jijini Mexico, alikimbia mita 10,000 kwa dakika 29 na sekunde 27.4. Mwanafunzi wa fizikia akigawa masafa kwa sekunde 1,767.4 atapata mita 5.66 kwa sekunde. Hiyo ni kasi tu. Velositi huhesabu pia mwelekeo, na aliyezunguka uwanja mara 25 akarudi alikoanzia ana wastani wa velositi wa sufuri! Momentamu nayo ni tungamo mara velositi: mkimbiaji wa kilo 60 akienda kwa mwendo huo ana takriban 340.

Kwa nini basi kasi ilipungua kuliko Kingston? Mexico iko mita 2,240 juu ya bahari. Hewa nyepesi humzuia mkimbiaji kidogo, lakini humnyima oksijeni, na katika masafa marefu hasara hiyo ndiyo kubwa. Keino, akiugua nyongo, alishindwa kumaliza. Clarke, wa sita, alizirai.

Katika mzunguko wa mwisho Mamo Wolde wa Ethiopia alitangulia. Temu alimpita karibu na utepe na kushinda kwa sekunde 0.6, pengo la mita tatu na nusu hivi. Siku nne baadaye alitwaa shaba katika mita 5,000.

Alistaafu 1973, akarudi Nyamira kulima. Alifariki kwa saratani jijini Nairobi Machi 10, 2003, akiwa na umri wa miaka 57.