SELIM BEY, ASKARI ALIYEWANGOJA WENZAKE

Ndugu wanafunzi, mwaka 1889 msafara wa Stanley na Emin Pasha ulivuka Mto Kagera, ukapita hapa Karagwe kuelekea Bagamoyo. Selim Bey alitakiwa awemo, lakini hakuwamo.

Alikuwa Msudani, Mwislamu, afisa wa jeshi la Misri katika jimbo la Equatoria. Novemba 1888 aliongoza ulinzi wa ngome ya Dufile dhidi ya majeshi ya Mahdi. Stanley alipotaka kuondoka, Selim aliomba muda akusanye askari pamoja na wake na watoto wao. Safari ya watoto wadogo haiendi mbio! Stanley hakungoja, aliondoka Aprili 10, 1889.

Selim akabaki Kavalli, karibu na Ziwa Albert, zaidi ya miaka miwili. Septemba 1891 Lugard alimkuta huko. Akakataa kuitumikia Kampuni ya Waingereza bila idhini ya Khedive wa Misri. Baadaye waliondoka maelfu, wengi wanawake na watoto, kwenda Toro na Buganda.

Mwaka 1893, akiwa mgonjwa, aliwaonya Waingereza wasimshambulie Mbogo, kiongozi wa Waislamu wa Buganda. Wakamkamata, wakampeleka pwani. Alifariki njiani, Naivasha. Mwenyezi Mungu amrehemu.