Aregawi, mtumishi wa Mungu wa mlima Damo



Wengi kwetu Butembo na Beni hufikiri kwamba Injili ilifika Afrika pamoja na wamisionere Wazungu tu. Sivyo. Katika karne ya 4, Ezana mfalme wa Aksum, katika Ethiopia, alikwisha kumwamini Kristo. Baadaye, mwishoni mwa karne ya 5, walifika kule watawa waitwao Watakatifu Tisa. Mmoja wao alikuwa Zemikael. Watu walimwita Aregawi, maana yake Mzee.

Aregawi alitafuta mahali pa kusali, akauona mlima Damo katika Tigray. Juu yake ni tambarare, lakini pande zote ni jabali tupu. Wakristo wa Ethiopia husimulia kwamba Mungu alituma nyoka mkubwa akamzungushia mwili na kumpandisha, naye malaika Mikaeli alisimama na upanga ili asimdhuru. Mnyama wa kuua akawa ngazi.

Kisha mfalme Gebre Meskel akajenga kanisa kule juu, na ili kupandisha mawe na miti wakatengeneza njia. Kazi ilipokwisha, Aregawi aliomba njia ile ibomolewe.

Wapendwa, tutazame neno hili. Mwingine angeiacha, ili makutano waje kushangaa mahali pa muujiza, na sadaka ziongezeke. Yeye hakutaka. Tangu hapo wanaume wanaokwenda kule hupanda kwa kamba ya ngozi, karibu metre 15, na mtawa huishika kutoka juu. Awe tajiri, awe maskini, hakuna apandaye kwa nguvu zake peke yake. Wanawake hawapandi; hata Edna, mama yake Aregawi, aliishi chini ya mlima pamoja na watawa wa kike.

Husimuliwa pia kwamba Aregawi hakuonja kifo, bali Mungu alimtwaa.

Vita ya Tigray, ya mwaka 2020 hadi 2022, ilifika hata mlimani pale. Sisi tunaolala na hofu ya bunduki tunajua kwamba jabali halitoshi kumlinda mtu. Aregawi alimtegemea Mungu.

Basi, kati yetu aliyepewa karama ya kuombea wagonjwa au ya kuona maono, asijitengenezee njia ya sifa. Aibomoe, kisha ashike kamba ya ndugu yake aliye chini.

Mungu awabariki.