Marehemu Mathias Mnyampala: Mgogo Aliyetupa Ngonjera

Ndugu zangu tuliosoma pamoja, nanyi wanafunzi mlioko shuleni hivi sasa, kila tunapokutana hatukosi kukumbushana ngonjera za siku ya wazazi. Mmoja huuliza, mwenzake hujibu, na mbishi mwishowe husadiki. Lakini wangapi kati yetu wanamjua aliyeuanzisha mtindo huo? Ni mtu wa hapa hapa Dodoma.

Marehemu Mathias Mnyampala alizaliwa mwaka 1917 huko Ihumwa, mashariki ya mji. Lugha ya kwao ilikuwa Kigogo, kama ilivyokuwa nyumbani kwetu Zuzu, upande wa magharibi. Alikuwa mwalimu, akawa karani wa serikali, na baadaye hakimu. Sisi watumishi wa serikali tunajua jinsi kazi ya ofisi inavyommaliza mtu, lakini yeye kalamu hakuiweka chini. Mwaka 1954 kilitoka kitabu chake cha historia, mila na desturi za Wagogo, alichokiandika kwa Kiswahili. Baadaye alizitia Enjili na Zaburi katika utenzi.

Zamani wengi walidhani ushairi wa Kiswahili ni mali ya watu wa pwani. Mnyampala alijifunza vina na mizani mpaka akawa miongoni mwa viongozi wa UKUTA, chama cha usanifu wa Kiswahili na ushairi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere aliwaomba washairi walifikishe Azimio la Arusha kwa wananchi. Mnyampala aliitika kwa ngonjera, ushairi wa majibizano unaosemwa mbele ya watu, ambao hata asiyejua kusoma aliweza kuufuata. Mashule yaliupokea kwa mikono miwili.

Yeye mwenyewe hakuyaona mavuno. Alifariki mwaka 1969, na kitabu cha kwanza cha Ngonjera za UKUTA kilitoka mwaka 1970, cha pili mwaka 1971.

Nina deni kwake. Nilipoingia kidato cha kwanza, Kiswahili changu cha Zuzu kilichekwa bwenini hata nikaona afadhali kunyamaza. Mwalimu wa Kiswahili alinitia katika kundi la ngonjera kwa nguvu, kisha akanieleza kwamba mwanzilishi wake alikuwa Mgogo kama mimi. Siku ya wazazi nilisimama mbele ya shule nzima nikasema beti zangu zote bila kukwama. Tangu siku hiyo sikunyamaza tena, na leo mkate wangu naupata kwa kuandika na kusema Kiswahili.

Wanafunzi, msizikariri za zamani tu. Tungeni za kwenu, juu ya mambo ya leo. Na akiwamo bwenini mgeni anayeona haya kusema kwa ajili ya matamshi ya kwao, mpeni yeye ubeti wa kwanza.